Godoro lisiloshika moto: Kemikali zake zinamkinga nani, na zinamuumiza nani?

Bweni likiungua, magodoro huwa chakula cha moto. Sponji inashika haraka, inatoa moshi mzito mweusi, na ndani ya dakika chache chumba hakipitiki tena.

Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: kwa nini kiwanda kisiweke dawa ya kuzuia moto humo humo ndani ya sponji, wazazi wakalala usingizi?

Dawa hizo zipo. Marekani na Uingereza zimezitumia kwa miongo kadhaa. Lakini nchi hizo hizo ndizo sasa zinarudi nyuma. Mwaka 2025 Uingereza iliondoa baadhi ya bidhaa za watoto wachanga kwenye masharti ya sheria yake ya moto ya 1988, moja ya sababu ikiwa ni kuwapunguzia watoto kemikali hizo.

Kwa nini anayejua dawa vizuri ndiye anayeipunguza? Na kama kiwanda cha magodoro hapa Afrika Mashariki kikiamua kuitumia, nani ataishika kwanza kwa mikono?

Kwa ufupi:

- Sponji ya kawaida ya magodoro na sofa inatokana na mafuta ya petroli. Ikiungua inatoa gesi zenye sumu, zikiwemo kaboni monoksaidi na sianidi.
- Kemikali nyingi za kuzuia moto huchanganywa tu na sponji, haziungani nayo. Polepole zinatoka na kuingia kwenye vumbi la nyumba.
- Mfanyakazi wa kiwandani na fundi sofa hukutana nazo kabla ya mnunuzi.
- Zipo njia za kutengeneza godoro salama zaidi bila kuijaza sponji kemikali.

Kwa nini sponji inaungua namna ile?

Sponji inayotumika kwenye magodoro mengi inaitwa poliurethani. Kemia yake ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer pamoja na wenzake. Kwa lugha rahisi, vimiminika viwili vikuu vinachanganywa pamoja na maji kidogo na viungo vingine. Mchanganyiko unachemka wenyewe, unatoa gesi, unaumuka kama unga wa maandazi, kisha unaganda.

Kinachobaki ni kitu chenye vitobo vingi vilivyojaa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayofanya godoro liwe laini. Na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoulisha moto.

Wengi wanaokufa kwenye moto wa aina hii hawaguswi na miali. Wanauawa na moshi. Kaboni monoksaidi inaizuia damu kubeba oksijeni, na sianidi inazuia seli za mwili kuitumia oksijeni iliyobaki. Mtu anaishiwa nguvu kabla hajaufikia mlango.

Dunia imeliona hilo mara kadhaa. Februari 2003, ukumbi wa starehe uitwao The Station katika jimbo la Rhode Island, Marekani, uliungua baada ya fataki kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Januari 2013, ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, uliungua kwa namna inayofanana sana na hiyo. Watu 242 walipoteza maisha.

Huku kwetu majina yanayokumbukwa ni ya shule. Septemba 2020, wanafunzi 10 walikufa katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa bwenini katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri nchini Kenya.

Kila tukio lina sababu zake, na si haki kulitupia godoro lawama zote. Lakini chumba chenye watoto wengi, vitanda vilivyobanana na sponji kila upande kinampa mtoto dakika chache sana za kutoka.

Dawa ya moto inafanyaje kazi?

Kuna makundi mawili makubwa yanayotumika sana kwenye sponji.

Kundi la kwanza lina klorini au bromini. Sponji ikipata joto kali, kemikali hizi zinatoka na kuvuruga miali, kama mtu anayeingilia maongezi ili yasiendelee. Baadhi zina fosforasi pia, na fosforasi inaweza kusaidia kutengeneza tabaka la mkaa juu ya sponji ili moto usipenye kirahisi. Humo ndimo zilimo TCPP na TDCPP, vimiminika ambavyo vimetumika sana kwenye sponji.

Kundi la pili ni la unga. Melamini ni mojawapo. Nyingine ni hidroksaidi ya alumini, ambayo ikipata joto inatoa mvuke wa maji na kupoza sehemu inayoungua.

Shida inaanza hapa. Kemikali nyingi kati ya hizi hazifungwi kikemia kwenye sponji. Zimechanganywa tu. Godoro linapokaliwa, kugeuzwa na kuzeeka, kiasi fulani kinatoka na kutulia kwenye vumbi. Mtoto anayetambaa sakafuni na kuweka mikono mdomoni anakula kiasi kikubwa zaidi kuliko mtu mzima, ukilinganisha na uzito wa mwili wake.

Jaribio la sekunde 12 lililobadilisha sofa za Marekani

Ili kuelewa tulikofika, lazima kuanzia California. Mwaka 1975 jimbo hilo lilianza kutumia kanuni iliyojulikana kama TB117. Sponji ya ndani ya sofa ilitakiwa kustahimili mwali mdogo kwa sekunde 12, ikiwa wazi, bila kitambaa.

Njia rahisi ya kufaulu ilikuwa kutia kemikali. Na kwa kuwa California ni soko kubwa, watengenezaji wengi waliona ni nafuu kuuza sofa za aina hiyo hiyo nchi nzima.

Kwa miaka mingi kemikali iliyotawala ilikuwa mchanganyiko wa bromini uitwao pentaBDE. Kiasi chake kiliweza kufikia takribani asilimia 5 ya uzito wa sponji. Baadaye ilionekana kwamba inakaa mwilini muda mrefu, inaingia kwenye maziwa ya mama, na inahusishwa na kuvurugika kwa homoni za tezi na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2004, mwaka huo huo uzalishaji wake ukasitishwa Marekani. Mwaka 2009 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaoshughulikia sumu zinazodumu kwenye mazingira.

Ikaja mbadala. Kati ya zilizoshika nafasi ni TDCPP. Kemikali hii haikuwa ngeni. Ilikuwa imetumika kwenye nguo za kulalia za watoto miaka ya 1970, ikaondolewa humo baada ya wasiwasi kwamba inaharibu vinasaba. Mwaka 2011 California yenyewe iliiweka kwenye orodha ya kemikali zinazosababisha saratani.

Yaani kemikali moja yenye matatizo iliondoka, ikaingia nyingine yenye matatizo. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima sampuli za sponji kutoka sofa 102 na kukuta kemikali za kuzuia moto katika asilimia 85.

Je, ziliokoa maisha?

Jibu linategemea kiasi kilichowekwa.

Mwaka 1988 maabara ya viwango ya serikali ya Marekani ililinganisha vyumba viwili vilivyowashwa moto. Kimoja kilikuwa na bidhaa zenye kemikali nyingi za kuzuia moto, kingine hakikuwa nazo. Chenye kemikali kiliwapa watu muda wa kutoroka zaidi ya mara 15. Matokeo hayo yalitumiwa sana na watetezi wa viwanda.

Lakini mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Vytenis Babrauskas, baadaye alipinga matumizi hayo. Hoja yake: kiasi kilichopimwa kilikuwa kikubwa kuliko kile kinachowekwa kwenye sofa ya kawaida ya nyumbani. Kiasi kidogo hakikuleta tofauti ya maana.

Kuna jambo jingine la kawaida tu. Sofa haiungui kuanzia ndani. Kitambaa cha juu ndicho kinachoshika kwanza, na kikishashika, sponji haikabiliani na mwali mdogo wa maabara. Inakabiliana na moto mkubwa.

Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilifichua kwamba kikundi kilichojitambulisha kama watetezi wa usalama wa moto kilifadhiliwa na kampuni tatu kubwa zaidi za kutengeneza kemikali hizo. Daktari wa majeraha ya moto aliyetoa ushahidi bungeni California kuhusu mtoto aliyeungua alisimulia kisa ambacho gazeti hilo lilikuta hakikutokea kama alivyosema.

California ilibadilisha kanuni mwaka 2013. Badala ya mwali kwenye sponji tupu, sasa kinachopimwa ni kama kitambaa cha juu kinahimili kitu kinachofuka, mfano sigara. Kanuni hiyo mpya ikawa ya lazima mwaka 2015, na mwaka 2021 ikawa ya Marekani nzima. Kuanzia 2020, California inazuia kemikali nyingi za kuzuia moto kwenye sofa, kwenye sponji ya magodoro na kwenye bidhaa za watoto.

Na mwili ulionyesha tofauti. Watafiti wa San Francisco waliripoti mwaka 2013 kuwa viwango vya kemikali za kundi la pentaBDE kwenye damu ya wajawazito waliowapima vilikuwa vimeshuka kwa karibu theluthi mbili ndani ya miaka michache.

Kiwandani: hatari inaanza kabla ya dawa ya moto

Mjadala mwingi unamhusu mnunuzi. Lakini anayefungua pipa ni mfanyakazi.

Hata bila dawa yoyote ya moto, kiwanda cha sponji kina kemikali moja ya kuogopwa: TDI, mojawapo ya vile vimiminika viwili vikuu. Mvuke wake unaweza kusababisha pumu ya kazini. Mwili ukishaikataa, kiasi kidogo mno kinatosha kumbana mtu kifua tena. Wapo wanaolazimika kuacha kazi kabisa.

Tena pua haimsaidii mtu hapa. Kikomo cha kisheria cha TDI nchini Marekani ni sehemu 0.02 kwa kila milioni ya hewa, na wataalamu wa afya kazini wanapendekeza cha chini zaidi ya hapo. Binadamu huanza kuinusa ikiwa imeshavuka kiwango hicho. Kwa hiyo mfanyakazi anayesema "leo nasikia harufu" tayari amevuta zaidi ya inavyotakiwa. Na asiyesikia harufu hana uhakika kwamba yuko salama.

Dalili nazo zinadanganya. Kikohozi na kubanwa kifua vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa nyumbani usiku. Ni rahisi kudhani ni mafua au vumbi la barabarani.

Dawa ya moto inaongezwa juu ya hatari hiyo. Ile ya maji inapita kwenye ngozi na kurukia machoni. Ile ya unga inatimua vumbi kila mfuko unapofunguliwa na kumiminwa. Na ikiungua, yenye klorini inatoa mvuke wa asidi unaochoma njia ya hewa.

Kuna la kiufundi pia. Bonge la sponji lililotoka kuumuka linaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 150 katikati, na sponji inahifadhi joto kama blanketi. Vipimo vikikosewa, bonge linaweza kuwaka lenyewe stoo usiku, wakati hakuna mtu. Baadhi ya dawa za moto zenye klorini zinaongeza tatizo la sponji kuungua kwa ndani inapopoa. Kuongeza dawa kwa makadirio ya macho kunaweza kuleta moto ule ule unaokimbiwa.

Mambo ya msingi ambayo hayana mbadala

Kanuni za usalama wa kazi zinaanza na kuondoa hatari, kisha kuifungia, kisha kusafisha hewa. Barakoa inakuja mwisho. Viwanda vingi vinageuza: vinaanza na barakoa na kuishia hapo hapo.

Kwa kiwanda cha sponji, haya ndiyo ya msingi:

- Karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali iwepo, isomwe na ielezwe kwa Kiswahili. Ikikaa kabatini kwa meneja haimsaidii anayechanganya.
- Mashine ya kuchanganya na sehemu ya kukata ziwe na feni za kuvuta hewa chafu pale pale inapotoka. Feni ya darini inaupitisha mvuke usoni kwa mfanyakazi kwanza.
- Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa TDI. Panahitajika barakoa yenye kichujio cha mvuke inayobana uso vizuri, na kichujio kibadilishwe kwa ratiba. Kwenye umwagikaji mkubwa, anayeingia awe na hewa yake mwenyewe.
- Glavu za nitrili, miwani ya kufunika macho yote, na nguo za kazi zinazobaki kazini. Ukienda nazo nyumbani, umewapelekea watoto.
- Hakuna kula, kuvuta sigara wala kuweka chupa ya maji kwenye eneo la kuchanganya. Kunawa kwa sabuni kabla ya chakula si hiari.
- Mapipa ya TDI yakae pakavu. Maji yakiingia, gesi inajaa ndani, na pipa lililofungwa linaweza kupasuka.
- Ikimwagika, watu waondoke, eneo lifunikwe kwa mchanga au kitu kikavu cha kunyonya, kisha kiwekwe kwenye pipa lililo wazi na kumwagiwa maji yenye kabonati ya sodiamu na sabuni. Pipa hilo lisifungwe kwa kukaza, na liachwe nje.
- Mabonge mapya yapoe kwa nafasi kati yake, mbali na stoo kuu, na mtu awe zamu ya kuyaangalia hadi yapoe.
- Mashimo ya maji machafu si mahali pa kumwaga mabaki ya dawa ya moto.

Kemikali ikimpata mtu machoni, aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Ikimpata mwilini, nguo zitolewe na ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Aliyevuta mvuke apelekwe kwenye hewa safi na hospitali, hata kama anasema amepata nafuu. Pipa lisiende naye, lakini karatasi ya taarifa za kemikali iende naye, maana daktari atahitaji kujua ni nini.

Ulaya imekwenda hatua moja mbele. Tangu Agosti 2023, mtu yeyote anayefanya kazi na TDI na ndugu zake wa kikemia kwenye Umoja wa Ulaya lazima awe amepata mafunzo kwanza, na ayarudie kila baada ya miaka mitano.

Fundi sofa je?

Ukitoka kiwandani, sponji inafika kwa fundi pembeni ya barabara. Anaikata kwa kisu, anaipaka gundi, chenga anazijaza kwenye mito. Hana feni ya kuvuta hewa. Mara nyingi hana hata karatasi inayosema sponji ile ina nini.

Sofa na magodoro yaliyotumika ni fumbo kubwa zaidi. Sponji ya zamani kutoka Marekani au Uingereza inaweza kuwa na kemikali ambazo leo zimepigwa marufuku. Mkataba wa Stockholm wenyewe uliacha mlango wazi: nchi zinaweza kuruhusu vitu vyenye pentaBDE virejelewe hadi mwaka 2030. Chenga za sponji kuukuu zikigandishwa upya, zinageuka kuwa bidhaa mpya yenye sumu ya zamani.

Kwa fundi, hatua za bei nafuu zinasaidia: kukatia nje au penye upepo, kulowesha kitambaa na kupangusa vumbi badala ya kufagia kavu, kunawa kabla ya kula, na kuwaweka watoto mbali na chenga. Kukata kwa waya wa moto kunatoa moshi wenye sumu. Na vipande vya sponji visitumike kuwashia jiko la mkaa. Gesi zile zile za moto wa bwenini zinatoka jikoni, kwa kiasi kidogo.

Watu wa zimamoto nao wamo kwenye mnyororo huu. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Moshi wa vitu vya ndani vyenye kemikali ni sehemu ya wanachokutana nacho.

Sheria zipo, zinamfikia nani?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, na sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka huo huo, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya 2007, inayotaka kemikali hatari ziambatane na karatasi za taarifa za usalama. Nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004.

Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa sheria. Kibarua wa siku anayeitwa kupakua mapipa hana mkataba, hajapimwa mapafu siku ya kwanza kazini, na akiugua miezi sita baadaye hana pa kuanzia. Pumu yake haina tarehe. Mfuko wa fidia unahitaji kuonyeshwa kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na kipimo cha kwanza cha mapafu ndicho kingeonyesha.

Kipimo hicho cha kupuliza ni cha dakika chache. Kikifanywa siku ya kuajiriwa na kurudiwa kila mwaka, kinamlinda mfanyakazi, na mwajiri pia anajua mapema kwamba kuna mvuke unaovuja.

Basi mabweni yalindwe vipi?

Kukataa kemikali si kukubali watoto waungue. Marekani ina kanuni ya magodoro iliyoanza kutumika Julai 2007 ambayo haijali ndani kuna nini. Inachukua godoro zima, inaliwasha kwa moto mkubwa, inapima joto linalotoka kwa dakika 30. Godoro halitakiwi kuvuka kilowati 200.

Watengenezaji wengi wamefaulu kwa kuizungushia sponji kitambaa maalumu kisichopitisha moto. Sponji ya ndani inabaki bila dawa. Kazi ya kuzuia moto inafanywa na ganda.

Kitambaa hicho ni gharama, na kwa mzazi anayenunua godoro la bei ya chini wiki ya kufungua shule, gharama hiyo si ndogo. Lakini serikali, hospitali na shule hununua kwa mamia. Mnunuzi wa jumla ndiye mwenye nguvu ya kuweka sharti kwenye zabuni: godoro zima lipimwe, na muuzaji aandike kama sponji ina kemikali ya kuzuia moto na ni ipi. Lebo nyingi dukani zinataja ukubwa, unene na densiti, basi.

Kuna pia yasiyohusu kemia kabisa. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa mwaka 2008 unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda, njia ya kupita ya mita 2, milango inayofunguka kwa nje, mlango wa dharura, na madirisha yasiyo na nondo. Baada ya mkasa wa Endarasha, serikali ya Kenya ilifunga sehemu za bweni katika shule zaidi ya 300 kwa kukosa viwango.

Hilo linaonyesha dakika za kutoroka zinapotelea wapi. Godoro lenye dawa kwenye bweni lenye nondo na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli linaweza kumwongezea mtoto muda wa kusubiri mlango ambao haufunguki.

Kinachofuata ni uamuzi wa mashirika ya viwango, TBS na KEBS, pamoja na wizara za elimu. Wakiandika kipimo cha sponji tupu, viwanda vitatafuta kemikali ya bei rahisi zaidi inayofaulu, kama ilivyokuwa California. Wakiandika kipimo cha godoro zima, na mafunzo ya lazima kwa anayeshika pipa, kiwanda kitakuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine.

Mzazi naye anaweza kuanza na maswali mawili mepesi siku ya kumpeleka mtoto shule: bweni hili lina milango mingapi, na ufunguo usiku anakaa nao nani?